(Wimbo Unaimbwa)

Chukua tahakiki kumi za michezo ya kuigiza zilizoandikwa Nairobi hivi karibuni, za gazetini na za mtandaoni, uzisome hadi mwisho. Mwandishi atakusimulia hadithi yote, atawasifu waigizaji watatu, atamuuma mmoja kidogo, atataja maleba, atagusia taa. Halafu kwenye aya ya mwisho, kabla hujaambiwa tiketi ni pesa ngapi, utakutana na sentensi moja: muziki nao ulikuwa mtamu. Basi. Nani aliutunga? Uliingia wapi, ukanyamaza wapi? Ungeondolewa, mchezo ungepungukiwa na nini? Hapo jijazie mwenyewe.

Tuzo zetu za tamthilia zimerithi sentensi hiyo. Kila zinapotangazwa, watu hugombana kuhusu mwigizaji bora na mwelekezi bora, ugomvi mtamu kabisa, lakini sijasikia hata siku moja watu wakikosana kwa sababu ya sauti. Mshindi wa muziki akitajwa tunapiga makofi ya adabu, tunangoja kipengele kinachofuata. Na si haki kumlaumu jaji peke yake. Jaji hutuza kile ambacho wahakiki wamemzoesha kukisikia, na sisi hatujamzoesha kitu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huku kwetu yamepikwa pamoja kama githeri. Kuna muziki wa mchezo: nyimbo, ala, tuni inayomfuata mhusika fulani kila anapoingia. Na kuna ubunifu wa sauti, ambao ni mpana zaidi. Huo ni kila kinachofika sikioni mwa mtu aliyeketi: kinatoka upande gani, kwa nguvu gani, kinaanza lini na, muhimu zaidi, kinakoma lini. Mvua ya nyuma ya jukwaa. Mlango wa chuma wa korokoroni. Sauti ya marehemu inayomrudia mjane. Hata uamuzi wa kumvisha mwigizaji maiki au kumwacha atumie kifua chake mwenyewe. Mtunzi wa muziki tunamjua, walau akisimama pembeni na gitaa. Huyu wa pili tunamwita "kijana wa saundi" hata kama ana miaka hamsini, na tunamkumbuka siku ile maiki zinapokoroma.

Uziwi huu si wetu peke yetu. Marekani, cheo cha mbunifu wa sauti hakikukulia Broadway. Kilikulia katika kile wanachokiita tamthilia ya kanda, yaani majumba ya michezo ya miji iliyo mbali na New York, yenye kampuni zake na hadhira yake. Katika msimu wa 1968 hadi 1969, kwenye American Conservatory Theater ya San Francisco, Dan Dugan alitajwa kama mbunifu wa sauti, na wanaoandika historia ya fani hii humhesabu kuwa wa kwanza kupewa cheo hicho katika tamthilia za kanda nchini humo. Mwaka huohuo wa 1968 Chicago ilianzisha tuzo zake, Jeff Awards, kwa ajili ya michezo ya mji huo. Leo zina kipengele cha sauti na kingine cha muziki uliotungwa mahsusi kwa mchezo. Tuzo za Tony, zile kubwa za Broadway, zilingoja hadi 2008 ndipo zikaanza kuituza sauti. Miaka 40 baada ya Dugan.

Na hata hapo hazikutulia. Juni 2014 wasimamizi wa Tony walivifuta vipengele vyote viwili vya sauti, cha tamthilia ya kawaida na cha mchezo wa nyimbo. Sababu zilizosikika zilikuwa mbili: kwamba wapiga kura wengi hawakujua mbunifu wa sauti hufanya nini hasa, na kwamba pengine kazi yenyewe ni ufundi tu, si sanaa. Hebu fikiria. Mtu hajui kitu, kwa hivyo kitu ndicho kinachofutwa. Zaidi ya watu 30,000 walitia saini ombi la kupinga, na mwaka uliofuata wabunifu wa sauti na watunzi wa muziki wa jukwaani wakaunda chama chao. Mwaka wa 2017, vipengele vikiwa bado havijarudi, Tony ilibidi itoe tuzo maalum kwa Gareth Fry na Pete Malkin kwa kazi yao katika The Encounter, mchezo ambao hadhira nzima ilivaa hedifoni na kuusikia msitu wa Amazon ukiizunguka, mbu akipita nyuma ya shingo, mtu akinong'ona sikioni hadi unataka kugeuka umwone. Usingeweza kudai huo ni ufundi wa kuunganisha waya. Katika tuzo za 2018 vipengele vikarudi, na safari hii kura ikaachiwa kikundi kidogo cha wapiga kura wenye ujuzi wa kazi hiyo.

Kisa hicho kinanivutia kwa mpangilio wake: huko pembezoni walisikia kwanza, mji mkuu wa sanaa ukafuata ukijikokota. Afrika Mashariki nayo tamthilia yenye sauti kubwa zaidi ilitoka pembezoni, nje ya kumbi za wakoloni. Tofauti ni kwamba sisi hatukuandika majina.

Twende Limuru, 1977. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ wamejijengea jukwaa lao lisilo na paa, na wanaigiza Ngaahika Ndeenda, mwelekezi akiwa Kimani Gecau. Mchezo umejaa nyimbo. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba sehemu ya gĩtiiro, ule uimbaji wa kujibizana katika mambo ya harusi, ilitolewa kwa imla, neno kwa neno na hatua kwa hatua, na mwanamke mmoja wa kijiji asiyejua kusoma wala kuandika. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikaa naye. Sasa pima uzito wa kazi hiyo. Ni yeye aliyejua nani huanza na nani hujibu, wapi sauti za wanawake hupanda, wapi mguu hukanyaga, wapi watu hunyamaza ili tusi lizame. Kwa majina ya leo huyo ndiye mkurugenzi wa muziki, na kwa sehemu hiyo ndiye mwandishi. Jaladani mna akina Ngũgĩ wawili. Wao angalau walitusimulia kwamba mama huyo alikuwepo; mahali pengine hata hilo hatungelijua.

Mchezo ulipigwa marufuku Novemba ya mwaka huo, na siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ akatiwa kizuizini. Mnamo 1982 kundi lilelile lilipoandaa Maitũ Njugĩra, mchezo ambao jina lake ni ombi la kuimbiwa na ambao ulikuwa umeshonwa kwa nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya, lilikuta Kenya National Theatre imefungwa. Likahamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi. Maelfu ya watu wakamiminika kutazama mazoezi tu, wengi wao wasioelewa lugha ya mazungumzo yale, mpaka mamlaka ikawazuia hata hapo. Kisha jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Ukiniuliza mimi, dola ya wakati ule ilikuwa na sikio zuri kuliko wahakiki wengi wa leo. Ilielewa kwamba hotuba ya jukwaani huishia jukwaani, ila wimbo mtu hutoka nao, akaupeleka sokoni na kwenye matatu.

Kampala ina kidonda chake. Byron Kawadwa aliupeleka mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos mwanzoni mwa 1977. Aliporudi, watu wa Idi Amin walimkamata na kumuua. Hilo linakumbukwa, na lazima likumbukwe. Lakini "oluyimba" maana yake ni wimbo. Mchezo wenyewe umejiita wimbo, na muziki wake ulitungwa na Wassanyi Serukenya. Waulize wanafunzi wa tamthilia hapa Nairobi jina la Serukenya uone wangapi watainua mkono.

Sababu moja ni karatasi. Tamthilia ikichapishwa, maneno yanaokoka na sauti inakufa. Fungua vitabu vyetu vya tamthilia za Kiswahili, vingi tu, na ndani ya mabano utakutana na maelekezo haya: wimbo unaimbwa. Wimbo gani? Kwa tuni ipi? Mwandishi mwema atakupa maneno yake. Noti hakuna, rekodi hakuna, jina la aliyeutunga mara ya kwanza hakuna. Miaka 20 baadaye kundi jingine linapouchukua mchezo huo, linaanza upya kutoka sifuri, na kwa kawaida linaanza na ngoma, kwa sababu ngoma ndiyo iliyo karibu.

Hapo kwenye ngoma nina neno. Siichukii. Nachukia uvivu unaojificha nyuma yake. Mfalme akiingia, ngoma. Mganga akiingia, ngoma, tena ya haraka. Vita, ngoma. Pazia likifungwa, ngoma na vigelegele. Kitu kinachosikika kila mahali hakisemi lolote mahali popote. Ndugu yake wa mjini ni kinanda cha huzuni kilichopakuliwa kutoka filamu ya Marekani: mama anaanza kulia Kibera na nyuma yake okestra nzima ya Hollywood inapanda, mpaka unashangaa imepita wapi. Nimeona michezo yenye uandishi mzuri ikizamishwa na faili moja ya namna hiyo. Na ajabu ni kwamba hadhira hulia. Ndiyo maana machozi ya hadhira si kipimo.

Basi kipimo ni nini? Nitatoa mifano miwili, maana bila mifano tutabaki kwenye "mtamu".

Katika Kigogo ya Pauline Kea, mtawala Majoka ana vyombo vya habari vinavyomwimbia. Tangazo la utawala linapaswa kusikika. Makundi mengi humweka mwigizaji nyuma ya pazia asome kwa sauti nzito, yakaona yamemaliza. Lakini mwenye masikio atauliza: tangazo linatoka wapi? Likitoka kwenye redio ndogo iliyo mezani, likiwa na mkwaruzo wake, ni habari ya nyumbani. Mhusika anaweza kuliongezea sauti, kulizima, kulicheka. Likitoka juu ya vichwa vya hadhira, kwenye spika zote, hakuna wa kulizima, na ghafla sisi tulioketi tumekuwa raia wa Sagamoyo. Na je, likianza mezani kisha polepole likahamia juu, huku waigizaji wakiendelea kuongea kana kwamba hawajasikia mabadiliko? Hapo sauti imesema jambo ambalo halimo katika mstari wowote wa mazungumzo. Kazi kama hiyo ningeipa tuzo hata kama mchezo mzima hauna wimbo.

Mfano wa pili ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969. Kinjeketile anaingia mtoni, na watu wanabaki wakimngoja. Muda ule wa kungoja ndio moyo wa mchezo: hapo ndipo imani inazaliwa, na imani hiyo itakuja kuwapeleka watu mbele ya bunduki za Wajerumani. Tusikie nini? Ukipiga ngoma, umeshatuambia kwamba muujiza unakuja, umetunyang'anya shaka. Ukiweka maji peke yake, ya chini sana, yanayoendelea bila kujali chochote, tunaanza kusikia pumzi za waigizaji, kisha zetu. Mtu anakohoa safu ya nyuma na kikohozi chenyewe kinaingia kwenye mchezo. Mbunifu anayethubutu kuacha kimya kiende mpaka hadhira ianze kujikunyata vitini, huyo amefanya kazi kubwa kuliko aliyeleta wapiga ngoma kumi na wawili waliovaa sare. Ila kwenye fomu ya jaji wapiga ngoma wataonekana. Kimya hakionekani.

Kuna wanaosema haya ni anasa ya wenye chapaa. Kodi ya ukumbi yenyewe ni kisirani, nani atamlipa mtu wa kuwaza maji yatokee upande gani? Ninaelewa hesabu hiyo, lakini haishiki. Kamĩrĩĩthũ hawakuwa na mitambo ya kujivunia. Robert Serumaga, katika miaka ileile ya Amin, aliunda Amayirikiti, mchezo usiotegemea maneno, unaobebwa na miili na sauti zake. Na ukitaka kuona ubunifu wa sauti wa bei ya chini unavyofanya kazi leo, usiende mjini. Fuata makundi yanayozunguka shuleni na vitabu teule. Hii ndiyo tamthilia yetu ya kanda hasa, inayofika Kitui na Kakamega na Kilifi katika muhula mmoja, ingawa wahakiki wa Nairobi hawaitazami. Bwalo la chakula, paa la mabati, mamia ya wanafunzi, spika mbili na stima isiyoaminika. Mvua ikinyesha, spika haisaidii kitu. Waigizaji wazoefu hufanya nini? Husogea katikati ya wanafunzi, huwafundisha kiitikio mwanzoni kabisa kabla ya mchezo, na mvua inapozima mazungumzo, shule nzima inaimba na tukio linaendelea juu ya sauti ya mabati. Aliyepanga hivyo alijua mabati ni ala. Huyo ni mbunifu wa sauti, awe na cheo asiwe nacho, na malipo yake huenda yakawa nauli na chakula cha mchana.

Hoja nzito zaidi ni nyingine, nami sitaki kuipita mbio. Wimbo wa gĩtiiro ni wa nani? Msewe, kilumi, isukuti, chakacha: hizi hazina mtunzi mmoja. Ukisema "muziki na fulani" kwenye programu, si utakuwa umemwibia bibi na kijiji chake? Kuna ukweli hapo, na tumeona wasanii wa mjini wakichukua wimbo wa wazee, wakaubadilishia vazi, wakapokea tuzo kama watunzi. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kutoandika jina lolote, maana tukifanya hivyo anayefaidi ni yuleyule ambaye jina lake liko tayari kwenye bango. Kazi zinaweza kutenganishwa. Wimbo ni wa jamii fulani, iandikwe. Uliletwa mazoezini na mama fulani wa mahali fulani; aandikwe, na alipwe. Ulikatwa, ukapangwa na kuwekwa katika tukio la tatu na mtu fulani. Huyo ndiye anayeshindania tuzo, kwa hicho alichofanya na si zaidi. Mistari mitatu kwenye programu. Wachapaji hawatafilisika.

Pwani tuna mazoea yanayofundisha na kuonya kwa pamoja. Kwenye taarab mtu huguswa na beti, akainuka katikati ya wimbo, akacheza taratibu hadi mbele, akamtunza mwimbaji noti. Hakuna jaji wala bahasha. Sifa inalipwa palepale, na mlipaji anajulikana. Nauenzi utaratibu huo. Ila angalia noti zinaangukia wapi: kwa aliyeshika maiki. Mpiga fidla nyuma yake anaendelea kukuna nyuzi, na mshairi aliyeitunga beti iliyomwinua mama yule kitini yuko nyumbani kwake, pengine amelala. Tuzo za jukwaani zinafuata mkondo uleule, zinakwenda mdomo ulipo.

Kwa hivyo waandaaji wa tuzo, mkinisikia: tenganisheni kipengele cha muziki na cha sauti, kwa sababu mtunzi wa nyimbo 12 na mtu aliyepanga kimya cha mtoni hawawezi kushindana. Ukiwaweka pamoja, nyimbo zitashinda kila mwaka. Wapeni majaji programu zenye majina yote. Ombeni kila kundi liwasilishe rekodi ya sauti ya mchezo wake, hata ya simu, ibaki mahali ili atakayeigiza mchezo huo 2045 asikutane tena na mabano matupu. Waliotegua kitendawili cha Tony waliwaita wenye ujuzi. Nasi tunao: watu wa redio waliotengeneza michezo ya sauti miaka na mikaka, walimu wa kwaya, mafundi wa mitambo wa makanisani wanaojua ukumbi unaomeza konsonanti na ule unaozirudisha. Na majaji wasiketishwe wote safu ya mbele, katikati, mahali ambapo kila kitu husikika vizuri. Watawanywe. Mmoja aende juu. Mmoja awekwe pembeni, mbele ya spika moja tu. Na mmoja, mchezo ukiwa Kenya National Theatre, akae nyuma kabisa karibu na mlango, pale kelele za Harry Thuku Road zinapoingia kila mchelewaji anapoufungua.